Siku ya tatu mpe jembe: kisa cha binti wa Rungwe katika fellowship ya Ujerumani

Kisa hiki ni cha binti wa Rungwe aliyemaliza shahada ya kwanza hapa Mbeya mjini, kisha akaenda Ujerumani kusoma ya pili. Jina lake silitaji, wala mji aliosomea, isipokuwa kwamba uko katika jimbo la Saxony, mashariki mwa nchi ile. Mimi ni mmoja wa walezi wa fellowship, yaani kikundi cha wanafunzi Wakristo, aliyoitumikia alipokuwa chuoni hapa, na ameniruhusu kutumia sauti alizokuwa akinitumia WhatsApp usiku. Nawaandikia walezi wenzangu, wachungaji wanaosaini barua za utambulisho, na wanafunzi wanaosubiri viza.

Tukisikia kijana wetu amekuwa mpweke ughaibuni, huwa tuna majibu mawili mkononi: ama amepoa kiroho, ama Wazungu ndivyo walivyo. Hapa majibu hayo yote mawili hayafai. Binti huyu hakupoa. Na wale wanafunzi wa Kijerumani walimtakia mema tangu Jumanne ya kwanza alipoingia mlangoni kwao. Hata hivyo, kwa karibu miezi mitano aliingia na kutoka kwao akiwa mgeni, na katikati ya muda huo akaacha kabisa kwenda.

Alikotoka

Asiyewahi kuishi ndani ya fellowship ya chuo katika Nyanda za Juu Kusini atadhani nazungumzia kipindi cha ibada cha mara moja kwa wiki. Nenda MUST au TEKU hapa Mbeya, nenda Mkwawa au Chuo Kikuu cha Iringa, utakuta mambo yanafanana. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anashuka stendi na begi lake, na mara nyingi anakuta kaka na dada wa TAFES, USCF au CASFETA, vikundi vya wanafunzi Wakristo vyuoni, wamekuja kumpokea, kwa sababu wenzake wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo kule sekondari, walishatuma taarifa. Wiki hiyohiyo ana dada wa kiroho, ana kikundi cha maombi, na ana zamu: kufagia ukumbi, kubeba spika, kuongoza sifa. Akikosa ibada mara mbili, mtu anagonga mlango wa geto lake. "Mpendwa, tumekukosa. Kuna usalama?" Wapo wanaochoshwa na kufuatwafuatwa huko, nami nawaelewa, maana kuna siku mtu anataka tu kulala. Lakini kupotea bila mtu kujua ni kazi ngumu.

Binti wetu alikulia humo. Alibatizwa Moravian, akaimba kwaya ya vijana, akawa kiongozi wa UKWATA shuleni, na chuoni akachaguliwa mweka hazina. Daftari la michango lilikaa kwake, na kabati la vyombo lilifunguliwa na yeye. Nalisema hili mapema kwa sababu linahusika sana na yaliyofuata: hajawahi kuwa mtu wa kukaa kwenye kiti na kusikiliza tu.

Safari ilipoiva, ushirika wake ukamfanyia ibada ya kumuaga. Ufadhili wake ulilipia masomo na posho, nauli ya ndege ikachangwa na ndugu, kwaya na wazee wa kanisa. Mchungaji akampa barua ya utambulisho yenye mhuri, iliyoandikwa kwa "yeyote anayehusika", ikieleza kwamba ni mshirika hai na kuomba apokelewe katika Bwana. Barua nzuri. Kwa kuhama kutoka Tukuyu kwenda Mwanjelwa inatosha kabisa: unaikabidhi kwa mzee wa kanisa, Jumapili unasimamishwa, watu wanakupigia makofi.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Wamoravian wa kwetu watalielewa haraka. Wamisionari waliofungua kituo cha Rungwe mwaka 1891 walikuwa Wamoravian wa Kijerumani, na chimbuko la Umoravian wao ni Herrnhut, mji mdogo ulioanzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kwenye shamba la kabaila aliyeitwa Zinzendorf. Herrnhut iko Saxony, karibu na mipaka ya Poland na Czech. Kwa hiyo binti alipopata chuo katika jimbo hilohilo, wazee walisema anakwenda kwenye kisima chenyewe. Bibi yake alimwambia awasalimie Wamoravian wa huko wote. Naye, kama alivyonieleza baadaye huku akicheka, aliamini kwamba akishuka tu atakuta kanisa lake kila mtaa.

Alichokikuta

Viza ilichelewa. Muhula wa baridi wa Ujerumani huanza Oktoba, na wiki za mwanzo ndizo vikundi vyote vya wanafunzi, vya kanisa na visivyo vya kanisa, huweka meza zao, hualika wageni kwenye chakula na kupanga vikundi vidogo vya Biblia. Yeye alifika katikati ya Novemba. Meza zilishaondolewa, vikundi vilishapangwa, watu walishazoeana. Katika kisa chote hiki sioni sababu iliyofanya kazi kubwa kuliko hiyo, na haina uhusiano wowote na imani ya mtu.

Halafu kuna Saxony yenyewe. Sehemu ile ilikuwa ndani ya Ujerumani Mashariki, dola iliyodumu kuanzia 1949 hadi 1990 na ambayo haikulipenda kanisa, na leo wakazi wake wengi si washirika wa kanisa lolote. Chumba alichopewa kilikuwa katika nyumba ya wanafunzi wanne wanaotumia jiko moja. Kati ya wenzake watatu hakuna aliyekuwa na dini, na mmoja alimuuliza, kwa upole kabisa, kama kuomba kabla ya kula ni desturi ya Tanzania. Desemba ilipofika, nyota za Herrnhut zikawaka madirishani mji mzima. Ni nyota za karatasi zenye pembe nyingi, zilizoanzia katika shule za Wamoravian karne ya 19, na sasa zinatundikwa hata na watu ambao hawajawahi kuingia kanisani. Alinipigia picha moja akaandika chini yake: "Mama, alama yetu ipo kila nyumba, wenyewe siwaoni."

Baridi haikumtisha. Mtu aliyezoea Juni ya Rungwe anajua koti ni nini. Giza ndilo lililomshinda: Desemba, saa 10 jioni, jua limeshazama, na anatoka maabara akiwa hajui amalize siku au aianze upya.

Fellowship aliipata kwenye intaneti. Ujerumani kuna mitandao kadhaa ya wanafunzi Wakristo. SMD ilianzishwa mwaka 1949 na iko ndani ya IFES, ule umoja wa dunia ulioundwa mwaka 1947 ambao TAFES yetu nayo ni mwanachama wake. ESG ni huduma ya makanisa ya Kiprotestanti vyuoni na huwa na mchungaji wake. Wakatoliki nao wana yao. Alikoangukia yeye sitakutaja, kwa kuwa nitasema mambo mawili matatu ambayo wenyewe hawapo hapa kuyajibu.

Walikutana Jumanne saa 1 jioni: chakula chepesi, nyimbo mbili tatu kwa gitaa, kisa cha Biblia katika makundi ya watu sita, maombi, kwisha. Walimpokea kwa tabasamu. Kijana mmoja alikaa pembeni yake akimtafsiria kwa Kiingereza kwa sauti ya chini. Waliuliza anatoka wapi, wakauliza kuhusu Kilimanjaro na Serengeti, naye akawaeleza kwamba kwao ni mbali na huko kote, ni kwenye chai na ndizi. Jumanne ya pili watu wengine wakauliza maswali yaleyale. Ya tatu vilevile. Alipoinuka kusaidia kuosha vyombo, dada mmoja alimshika bega akamwambia akae, yeye ni mgeni wao.

Maombi yalimpa shida nyingine. Kwetu mkisema "tuombe", ukumbi mzima unapaza sauti, kila mtu na mzigo wake, mpaka kiongozi akaze sauti kufunga. Kule aliomba mtu mmoja, sentensi tatu, kimya. Kimya kikakaa. Akaomba mwingine. Yeye alidhani wamekatishwa na kitu. Ilipofika zamu yake, hakujua kama atumie Kiingereza au Kiswahili, akasema "Amina" peke yake, na usiku ule akanitumia sauti ndefu akiuliza kama inawezekana watu wakawa wameokoka kweli na wakaomba namna ile.

Na bia. Baada ya kipindi baadhi yao walikwenda kwenye baa ya jirani, wakamwita, akaenda akidhani ni chai. Viongozi wawili waliokuwa wametoka kufundisha Waraka kwa Wafilipi waliagiza bia, wakaendelea kuzungumzia Wafilipi. Kwa Mkristo wa Mbeya aliyelelewa katika uamsho, jambo hilo si dogo. Hapa kwetu bia ni mstari: ukionekana nayo, uongozi unavuliwa wiki hiyohiyo. Wajerumani wengi wa kanisa hawauoni mstari huo kabisa, wana mistari mingine. Nilimshauri asilifanye kuwa kesi. Aagize juisi ya tufaha, abaki mezani, na akiulizwa aeleze kwa nini yeye hanywi. Sijui kama wachungaji wote watakubaliana nami. Ila najua kwamba angeondoka mezani kila mara, asingebaki na meza.

Simu ya saa 3 usiku

Hapa ndipo naona kisa kinapogeukia, na ni hapa walezi wa huku nyumbani tunapohusika.

Fellowship yetu ina maombi ya mtandaoni saa 3 usiku, siku kadhaa za wiki, Jumanne ikiwemo. Wahitimu walio mbali huingia kwa simu. Tunajivunia. Wakati wa baridi Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa 2, kwa hiyo saa 3 usiku ya Mbeya ni saa 1 jioni ya Saxony. Yaani, saa ileile ambayo wale wenzake walikuwa wanapanga viti.

Mwanzoni alikwenda kwao na kukosa ya kwetu. Baada ya wiki chache akageuza. Nani angemlaumu? Upande mmoja kuna kimya, tafsiri ya kunong'onezwa na swali la Serengeti. Upande wa pili kuna sauti anazozijua, anaitwa kwa jina, anaombewa kwa machozi, na mara mojamoja anapewa kuongoza. Akawa anakaa kitandani na kofia kichwani, simu ikiwa imechomekwa kwenye chaji, anaomba na Mbeya mpaka saa 3 ya kule. Kisha analala. Sisi tulimshangilia. Mtu mmoja katika kundi aliandika: "Dada yetu yuko Ulaya lakini hajapoa!" Nikaona alama za moto zikimiminika.

Kumbe alikuwa anatoweka kule alipo. Jumanne tatu, nne, tano. Hakuna aliyegonga mlango. Hakuna ujumbe. Kwake maana ilikuwa moja tu: hawakumhitaji. Krismasi wenzake wa nyumba wakaenda makwao, hosteli ikabaki tupu, yeye akaimba na kwaya ya kwao kupitia simu ya mdogo wake aliyeishika juu kanisani mpaka salio likaisha.

Kwa nini hakutuambia? Nilimuuliza baadaye. Alisema: "Mama, nauli ilichangwa na kanisa zima. Kuna mjane alitoa kuku. Ningeanzaje kusema nalia?" Hilo ndilo upande wa pili wa ibada zetu za kuaga. Tunamtuma mtu kwa michango na matarumbeta, halafu tunashangaa kwamba habari zinazorudi ni za ushindi tu.

Barua za kwenye sanduku

Februari, wiki ya mitihani, yule dada aliyemzuia kuosha vyombo alimwona maktaba. Alimsalimia kwa furaha, akasema: "Tulidhani umepata kanisa lingine, hatukutaka kukusumbua." Binti alisimama pale na vitabu vyake akiwa hana jibu. Kwa wale, kumpigia simu mtu asiyekuja ni kumwingilia. Mtu mzima anajua mlango ulipo, akitaka atakuja. Kwetu kutompigia ni kumtupa. Pande zote mbili zilikuwa zimefanya adabu ya kwao, na adabu hizo mbili zikapishana.

Walikaa chini wakanywa kahawa. Katika mazungumzo ikatoka kwamba binti alikuwa na rundo la barua ambazo hajazifungua. Wasioishi Ujerumani hawajui: mambo ya serikali kule yanakwenda kwa barua za karatasi, kwa Kijerumani kizito, na kila moja ina tarehe ya mwisho. Jioni ile wakazifungua zote jikoni. Mojawapo ilikuwa madai ya ada ya redio na televisheni ya umma, euro 18.36 kwa mwezi, ambayo hulipwa kwa kila nyumba hata kama huna televisheni. Kwa kuwa mwenzake wa nyumba alishalipa, ilitosha kutuma namba ya malipo yake. Shida iliyomnyima usingizi tangu Januari ikaisha kwa mistari minne.

Nyingine ilimhusu kama Mkristo. Alipojiandikisha makazi, afisa alimuuliza dini, naye akajibu kwa fahari: Mprotestanti. Mtanzania mmoja akamtisha kwamba amejifunga, atakatwa kodi ya kanisa mpaka aondoke. Kodi hiyo ipo kweli. Katika Saxony ni asilimia 9, lakini ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, si ya mapato yenyewe, na mwanafunzi ambaye kipato chake hakifikii kutozwa kodi ya mapato hana cha kukatwa. Yule dada alimchorea hesabu nyuma ya bahasha.

Nasimulia haya ya karatasi kwa sababu ndiyo yaliyofungua njia. Wimbo haukuifungua, hata kisa cha Biblia hakikuifungua. Mara ya kwanza alikuwa na jambo halisi la kumwomba mtu, na mtu yule akaweza kulifanya. Lakini bado alikuwa anapokea tu.

Ufunguo

Aprili muhula wa kiangazi ulipoanza, kijana aliyekuwa anafungua ukumbi alikwenda Hispania kwa muhula mmoja. Wakatafuta anayeishi karibu. Binti alikuwa anaishi dakika chache tu kutoka pale. Yule dada akauliza kama anaweza kushika ufunguo.

Kazi yenyewe haina utukufu. Saa 12 na nusu awe amefika, afungue, awashe vipasha joto kama kuna baridi, apange viti thelathini, atoe vyombo kabatini, na mwisho ahakikishe madirisha yamefungwa. Alisaini karatasi ya kukabidhiwa. Kuanzia hapo hakuweza kuingia maombi ya simu siku ya Jumanne, kwa sababu watu thelathini wangesimama nje. Na kuanzia hapo simu yake ikaanza kulia: umeshafungua? Naweza kuleta keki mapema? Je, kuna kamba ya umeme ya ziada? Walikuwa hawamuulizi tena kuhusu Serengeti. Siku aliyoumwa homa, watu watano walimpigia kabla ya saa 12 jioni, na wawili wakaja mpaka kwake, mmoja kuchukua ufunguo, mwingine na supu.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Sisi hutumia methali hiyo kumsema mgeni mvivu. Katika kisa hiki mvivu hakuwepo. Mgeni alikuwa anaomba jembe tangu Jumanne ya kwanza pale kwenye sinki, na wenyeji kwa wema wao wakawa wanalificha. Dada yule alipomwambia akae alikuwa anamheshimu. Lakini anayeheshimiwa kama mgeni wiki baada ya wiki anabaki mgeni, na mgeni akiondoka hakuna kinachokwama.

Wenzangu kadhaa niliozungumza nao wanasisitiza lugha. Ni kweli Kijerumani chake kilikuwa kimepanda kufikia Aprili, na hilo lilisaidia. Ila kilipanda zaidi baada ya ufunguo, maana huwezi kuuliza kamba ya umeme ilipo kwa kunong'onezewa. Wengine wanasema ni suala la muda tu, kila mtu huzoea. Nawajibu kwamba Januari muda ulikuwa unapita pia, naye alikuwa anazidi kujifungia. Tofauti kati ya Januari na Mei ni kwamba Mei kulikuwa na watu waliomngoja.

Mei hiyohiyo kulitokea jambo dogo ambalo yeye analipenda kuliko yote. Kabla ya chakula kijana mmoja alifungua kijitabu cha bluu akasoma neno la siku. Binti akakitambua kabla hajaelewa aya yenyewe. Aya hizo za Agano la Kale huchaguliwa kwa kura ya bahati huko Herrnhut, na kitabu chake kimekuwa kikichapishwa tangu mwaka 1731. Yule kijana hakuwa Moravian wala hakujua Wamoravian wako wengi Tanzania. Binti alimweleza Rungwe iko wapi. Majira ya joto kundi zima likaenda Herrnhut kwa siku moja, yeye akiwa kiongozi wa msafara, jambo linalochekesha ukizingatia kwamba alikuwa hajawahi kufika. Alimpigia bibi yake video kutoka makaburini, pale ambapo karibu mawe yote yamelala bapa na kufanana. Bibi aliuliza kama kuna mtu anayelima pale karibu, maana ardhi inaonekana nzuri.

Watanzania wenzake

Nimeulizwa mara nyingi: kwani hakukuwa na Waswahili? Walikuwepo. Familia moja katika mji wa jirani ilikusanya Watanzania mara moja kwa mwezi, ibada ya Kiswahili, pambio, ugali, mchicha wa kwenye barafu. Huko alipata kicheko ambacho Wajerumani wasingeweza kumpa, na alipofiwa na mjomba wake ndiko alikolia. Lakini ndiko pia yalikotoka maneno ya kodi ya kanisa, na habari zake nyingine zilifika Soweto hapa Mbeya kabla yeye hajafika hosteli kwake. Nisingemshauri mtu achague kimoja. Wale wa mwezi mmoja mmoja ni ndugu wa msiba na sherehe. Wa Jumanne ni wa maisha ya kila siku ya pale alipo. Kosa hutokea pale mmoja anapotakiwa afanye kazi ya mwingine, au simu ya nyumbani inapotakiwa ifanye kazi ya wote.

Tulichobadilisha huku

Maombi ya mtandaoni yapo bado. Ila mhitimu aliye nje akitaka kuingia kila siku, sasa tunamuuliza kwanza Jumanne yake, au Ijumaa yake, anakutana na nani kwa miguu. Akisema hana, tunamwomba aingie mara moja kwa wiki tu na atuletee jina la mtu mmoja wa huko. Wapo walionuna.

Barua ya utambulisho nayo imebadilika. Yenye mhuri bado inatolewa, maana wazee wanaipenda na haina ubaya. Lakini pamoja nayo mlezi anaandika barua pepe, kwa mtu mwenye jina, katika kikundi cha wanafunzi cha mji anaokwenda kijana, mwezi mmoja kabla. IFES ina vyama vya wanafunzi katika nchi nyingi, na kumpata wa mji fulani si kazi kubwa kwa mwenye subira. Katika barua hiyo hatusemi "mshirika hai" peke yake. Tunasema anafanya nini: anapiga kinanda, anaweka hesabu, anafundisha watoto, anajua kutengeneza spika zinazokoroma. Na tunaongeza sentensi moja ambayo binti wetu ndiye aliyeipendekeza: kwamba kwetu mtu akikosa kuja, hupigiwa simu, naye hatachukia.

Yeye mwenyewe amesharudi, na kurudi nako kumekuja na yake. Anaomba kwa sauti ya chini. Jumapili moja baada ya ibada mzee wa kanisa alinivuta pembeni kuuliza kama binti hajapoa huko, maana "hasikiki". Vijana nao wanasema amekuwa mtu wa saa: kikao cha saa 9 yeye saa 9 kasoro tano kashapanga viti, anakaa peke yake mpaka saa 10. Bado hajapewa nafasi yoyote katika uongozi wa vijana. Wanasema apumzike kwanza, ametoka safari ndefu. Nimemwambia mchungaji kwamba hayo ndiyo maneno yaleyale ya kwenye sinki, na suala lake limewekwa kwenye ajenda ya baraza la wazee.

Oktoba ijayo kijana wa Iringa anakwenda jimbo hilohilo kusoma. Tumeshaandika. Jibu limekuja ndani ya siku mbili: wanataka kujua atafika tarehe gani na kwa treni ipi, na kama anaweza kupuliza tarumbeta, kwa sababu kikundi chao cha matarumbeta kimepungukiwa mtu. Tumewajibu kwamba anapuliza, na kwamba anakuja na lake mwenyewe.